Duma na Pweza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa na watoto wa shule, wazazi wao na wageni ninapowapitisha kwenye miamba ya Tanga maji yakipwa. Wengi huja na duma kichwani, maana wamemwona kwenye runinga na kwenye vitabu vya shule, na huondoka wakimuulizia pweza. Penye mengi ya kusema nimesema mengi.

Kwa nini kumlinganisha mnyama wa mbugani na mnyama wa baharini? Hawafanani hata kidogo.

Kwa sababu kazi yao ni moja. Wote ni wawindaji, wote hula nyama waliyoikamata wenyewe, na wote hufanya kazi hiyo mchana. Njaa ni ileile, lakini miili iliyopewa jukumu la kuituliza iko mbali kama mbingu na ardhi: mmoja ni uti wa mgongo na miguu mirefu, mwingine hana mfupa hata mmoja.

Ipo na sababu nyingine. Mtoto wa Chumbageni au Raskazone, hapa Tanga mjini, atakutajia kasi ya duma ambaye hajapata kumwona, lakini pweza anayeishi mwambani, karibu kabisa na kwao, anamjua akiwa kwenye sufuria tu. Jambo hilo linaniuma. Nataka wamstaajabie pweza kwa kiasi kilekile wanachomstaajabia duma, kwa kuwa anastahili.

Duma ana kasi gani hasa?

Namba inayotajwa sana ni kilomita 110 kwa saa, wengine huongeza hadi 120. Vipimo makini vinatoa namba ndogo kidogo, na kwa maoni yangu zinavutia zaidi. Mwaka 2012 duma jike aitwaye Sarah, wa bustani ya wanyama ya Cincinnati huko Marekani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 5.95. Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia mjini Berlin mwaka 2009 alitumia sekunde 9.58.

Sarah alikuwa akikimbia kwenye njia iliyonyooka. Porini mambo ni mengine. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Alan Wilson walichapisha vipimo vya duma wa Botswana waliokuwa wamevishwa kola zenye vifaa vya kupimia mwendo. Kasi kubwa kuliko zote ilikuwa kilomita 93 kwa saa, na mbio nyingi hazikufika hata karibu na hapo. Umbali wa wastani wa mbio moja ulikuwa mita 173, yaani hata viwanja viwili vya mpira havitimii. Kilichojitokeza kuwa silaha yake kubwa ni uwezo wa kuongeza na kupunguza mwendo ghafla: ndani ya hatua moja duma aliweza kupunguza mita 4 kwa sekunde, kisha akakata kona. Swala hamtoroki duma kwa kukimbia moja kwa moja, humtoroka kwa kupinda. Kwa hiyo duma anayejua tu kwenda mbele kwa kasi angekufa njaa.

Mwili wake wote umepangwa kwa ajili ya hizo sekunde chache. Uti wa mgongo hujikunja na kujinyoosha kila hatua, na hatua moja hufikia mita 6 au 7. Mkia mrefu humsawazisha kwenye kona. Kucha zake hazirudi ndani zote kama za paka wengine, zinabaki nje zikiuma ardhi kama njumu za mchezaji. Pua na mapafu ni makubwa ili avute hewa ya kutosha.

Halafu kuna malipo. Ili awe mwepesi, taya zake ni ndogo na hana mwili wa kupigania chakula. Akishamkaba swala hubaki anahema, na fisi mmoja akitokea, mara nyingi duma huacha nyama na kuondoka. Waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni hawakuwa wakimsema duma, lakini yanamhusu.

Husemwa pia kwamba duma huacha kukimbiza kwa kuwa mwili umepata joto kupita kiasi. Vipimo vya duma wanaoishi porini havikuonyesha hivyo. Joto lao lilipanda zaidi baada ya mbio kwisha, hasa baada ya kukamata.

Duma si ndiye chui?

Hapana. Duma ni mwembamba, miguu mirefu, kichwa kidogo, na madoa yake ni meusi yaliyojaa. Ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni. Chui ni mnene, mfupi wa miguu, na madoa yake yamejipanga kwa vikundi vya duara vyenye uwazi katikati. Chui hupanda mti na mawindo yake, duma hawezi. Duma hangurumi kama simba: huita kwa sauti nyembamba inayofanana na ya ndege, na akiridhika hukoroma kama paka wa nyumbani.

Ni pweza gani tunayemzungumzia?

Wapo pweza wa aina nyingi, zaidi ya 250 duniani. Huyu wa kwetu, ambaye kina mama humchokoa mwambani na ambaye utamkuta sokoni, kwa kawaida ni yule ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea. Anapatikana kuanzia pwani hii ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Hawaii. Pweza wengi hutoka usiku, huyu hutoka mchana, hasa asubuhi na alasiri.

Pweza naye ana mbio?

Ana njia mbili za kwenda. Ya kwanza ni kutambaa kwa minyiri yake minane juu ya mwamba, na hiyo ndiyo anayoipenda. Ya pili ni kuvuta maji ndani ya mwili na kuyasukuma nje kwa nguvu kupitia mrija ulio chini ya kichwa, akaenda kinyumenyume kama amerushwa. Hiyo ya pili ni ya dharura. Ana mioyo mitatu: miwili husukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja husukuma damu mwilini kote. Anapoogelea kwa kasi, huo wa mwili mzima husimama. Ndiyo maana huchoka upesi na kurudi kutambaa.

Hapa duma na pweza wanakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Kila mmoja ana mwendo wa kasi ambao hawezi kuudumisha, na kila mmoja hufanya sehemu kubwa ya uwindaji polepole. Duma hunyata kwenye majani kwa dakika nyingi kabla ya zile sekunde za mbio.

Lakini kama unataka kitu cha pweza kinachoshindana na duma kwa kasi, usitazame mwendo wake. Tazama ngozi. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana vya rangi, kila kimoja kimezungukwa na misuli inayoamriwa moja kwa moja na neva. Misuli ikivuta, kifuko kinatanuka na rangi inaonekana, ikilegea, rangi inatoweka. Kazi hiyo huchukua chini ya sekunde moja. Ngozi hiyohiyo huinua vinundu ikawa na mikwaruzo ya jiwe, kisha ikalainika tena. Kinyonga humaliza muda mrefu kufanya sehemu ndogo tu ya hayo. Watafiti waliomfuata pweza wa aina hii kwa kamera walihesabu mabadiliko karibu 1,000 ndani ya saa saba. Na cha ajabu kuliko vyote, macho ya pweza hayatofautishi rangi jinsi yetu yanavyofanya.

Niliwahi kumtazama mmoja kwenye kidimbwi cha goti upande wa Raskazone. Alikuwa wa kahawia, rangi ya mwamba. Kivuli changu kilipompitia, akawa mweupe kama kitambaa kilichofuliwa, pembeni mwa jicho kukatokea doa jeusi, kisha akarudi kuwa jiwe. Mtoto niliyekuwa naye aliniuliza ameenda wapi, na pweza alikuwa palepale, hajasogea.

Kwa nini wote wawili huwinda mchana?

Duma huwinda mchana kwa sehemu kubwa ili asikutane na simba na fisi, ambao usiku ndio wenye mbuga. Pia anahitaji kuona, kwa kuwa mbio zake ni za macho. Huwinda hata usiku wa mbalamwezi.

Pweza wa kwetu naye hukabili adui mkubwa anayetawala usiku, mkunga, ambaye mwili wake mrefu huingia kwenye tundu lilelile ambalo pweza amejificha. Mchana kuna papa na samaki wakubwa pia, lakini mchana kuna mwanga, na kwa mnyama anayejificha kwa kubadili sura, mwanga ni mali.

Pweza anakamataje mawindo bila kukimbiza?

Hutanda. Hufika kwenye kipande cha tumbawe, akafungua minyiri yote na ngozi iliyo katikati yake, akalifunika tumbawe zima, kisha ncha za minyiri zikaingia kwenye kila kitundu kupapasa. Kaa anayekurupuka anakuta ameshafungiwa. Kila kikombe cha kunyonyea kilicho kwenye mnyiri hushika na papo hapo huonja, kwa hiyo pweza hajui tu kwamba ameshika kitu, anajua ni kitu gani. Kisha humleta kaa mdomoni, penye mdomo mgumu unaofanana na wa kasuku, na kumtia mate yenye sumu inayomlegeza. Chaza na kombe huwatoboa tundu dogo kwenye ganda na kupitisha sumu humo.

Kuna jambo ambalo wavuvi wameliona kwa muda mrefu na sayansi imelipima karibuni: pweza huongozana na samaki. Katika Bahari ya Shamu watafiti waliwarekodi pweza wa aina hii wakiwinda pamoja na chewa, mkundaji na samaki wengine. Samaki hupeleleza na kuonyesha palipo na chakula, pweza huamua kundi lisimame au lisogee, kisha huingiza minyiri pale samaki wasipofika. Samaki anayekaa tu akisubiri kudoea hupigwa ngumi kwa mnyiri, kwa maana halisi kabisa ya ngumi. Matokeo ya ngumi hizo yalichapishwa mwaka 2020, na ya uongozi wa kundi mwaka 2024. Duma dume huungana na ndugu zake wawili watatu kulinda eneo na kuwinda, lakini hao ni duma wenzake. Pweza anashirikiana na viumbe wa ukoo mwingine kabisa.

Yupi ana akili zaidi?

Swali hili huulizwa kila mara na halina mizani moja. Niseme kilicho wazi.

Pweza wa kawaida ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ziko kwenye minyiri, nje ya kichwa. Ndiyo maana husemwa ana bongo tisa. Ubongo ni mmoja, ila kila mnyiri una uwezo wa kuamua mambo mengi bila kusubiri amri. Ubongo wenyewe umeuzunguka mrija wa chakula, hivyo kila tonge hupita katikati ya ubongo. Pweza hufungua chupa, hukumbuka njia ya kurudi tunduni, na hupita kwenye uwazi wowote ambao mdomo wake mgumu unaweza kupenya. Mwaka 2016 pweza aitwaye Inky alitoka kwenye tangi lake huko Napier, New Zealand, akapita kwenye bomba la maji hadi baharini.

Duma ana kitu ambacho pweza hatakipata kamwe, nacho ni mama wa kumfundisha. Mtoto wa duma hukaa na mama yake takriban mwaka mmoja na nusu. Mama humletea kitoto cha swala kikiwa hai, akamwachia ajaribu, kikimtoroka humkamatia tena. Pweza huanguliwa akiwa mdogo kuliko punje ya mchele, akachukuliwa na mkondo, na mama yake wakati huo amekwisha au yuko karibu kufa. Yote anayoyajua akiwa mkubwa ama alizaliwa nayo ama aliyagundua mwenyewe ndani ya miezi michache. Kwangu mimi, hapo ndipo penye maajabu ya mlinganisho huu wote.

Ni kweli damu ya pweza ni ya buluu?

Kweli. Damu yetu na ya duma hubeba hewa kwa kutumia chuma, ya pweza hutumia shaba, na shaba ikikutana na oksijeni hutoa rangi ya buluu.

Wanaishi muda gani, na wanazaa vipi?

Duma porini huweza kufika miaka 10 hivi akibahatika. Jike huzaa watoto watatu hadi watano kwa kawaida, na huwalea peke yake. Anapokwenda kuwinda huwaacha majanini, na hapo ndipo balaa ilipo. Utafiti uliofanywa kwenye nyanda za Serengeti miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha kuwa watoto wengi mno walikufa kabla ya kujitegemea, chini ya mmoja kati ya kumi alipona, na muuaji mkubwa alikuwa simba. Sehemu nyingine hali ni nafuu.

Pweza wa kwetu huishi mwaka mmoja, au zaidi kidogo. Dume hupitisha mbegu kwa mnyiri maalumu, mara nyingi akiwa mbali kadiri anavyoweza, kwa kuwa jike huweza kumkaba na kumla. Jike hutaga mayai laki kadhaa, akayatundika kwenye dari la tundu lake, kisha hatoki tena. Huyapepea kwa maji safi na kuyapangusa uchafu. Hali chakula. Mwili wake huisha siku hadi siku, ngozi ikapauka, na mayai yanapoanguliwa yeye hufa. Mchokoaji anayemkuta pweza aliyepauka, asiyepigania mti, ndani ya tundu lililozibwa kwa mawe, amemkuta mama wa namna hiyo. Nawasihi wote: huyo mwache. Nyama yake ni maji matupu, na mayai aliyoyalalia ndiyo pweza wa mwaka ujao.

Wakipigana, nani atashinda?

Hawawezi kukutana. Kwenye majani makavu pweza atakufa kwa kukosa maji kabla duma hajaamua kama hicho ni chakula. Mwambani, kwenye maji ya kina, duma hana la kufanya. Watoto hawaridhiki na jibu hili, lakini ndilo jibu.

Supu ya pweza huongeza nguvu za kiume?

Hilo huulizwa na watu wazima, tena kwa sauti ya chini. Pweza ni chakula kizuri: ana protini nyingi, mafuta kidogo, madini ya chuma, shaba na zinki, na vitamini B12 kwa wingi. Mtu aliyechoka akinywa supu moto yenye ndimu na pilipili atapata nguvu, kama angepata kwa mlo mwingine wenye lishe. Kuwa ni dawa ya tatizo la nguvu za kiume, hakuna ushahidi wa kitabibu. Mwenye tatizo aende hospitali, kwa kuwa mara nyingine ni dalili ya kisukari au shinikizo la damu, na hayo hayatibiwi na bakuli.

Yupi yuko hatarini zaidi?

Duma, bila shaka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitaja duma wapatao 7,100 waliobaki porini duniani kote, wakiishi kwenye asilimia 9 tu ya maeneo waliyokuwa wakiishi zamani. Wengi wao wako nje ya hifadhi, karibu na mifugo. Watoto wao hutoroshwa kupitia Pembe ya Afrika kwenda kuuzwa kama wanyama wa kufuga. Isitoshe, duma wote wanafanana mno kwa damu: jamii yao iliwahi kupungua sana, huenda yapata miaka 10,000 iliyopita, na ukoo mmoja dhaifu ukishambuliwa na maradhi, wote wamo hatarini.

Pweza hukua haraka na kuzaa mno, kwa hiyo akipewa nafasi hurudi. Tatizo ni kunyimwa nafasi. Kanuni za uvuvi za Tanzania hazimruhusu mtu kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, na bado wadogo huuzwa waziwazi. Baruti, iliyoharibu miamba mingi ya Tanga kwa miaka mingi, huvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya pweza na ya kaa anaowala. Dawa inayofanya kazi inajulikana. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, Madagascar, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi michache, na walipofungua walivua pweza wakubwa. Kisiwa Panza, Pemba, nao wamefanya hivyo. Inawezekana kwa sababu ya ule ukuaji: pweza mdogo akiachwa miezi miwili au mitatu uzito wake huongezeka mara kadhaa. Ugumu uko kwenye makubaliano, maana mwanamke anayetegemea mwamba kwa chakula cha leo jioni lazima ajue atakula nini wakati umefungwa. Mpango usiojibu hilo hautadumu, na haustahili kudumu.

Nikitaka kuwaona, niende wapi?

Kwa duma, nyanda za kusini na mashariki mwa Serengeti ndizo bora, hasa Desemba hadi Machi swala na nyumbu wanapokuwa upande wa Ndutu. Ruaha na Tarangire wapo pia. Karibu na sisi kuna Mkomazi, ambayo sehemu yake imo mkoani Tanga, lakini huko kumwona ni bahati. Saadani, kati ya Pangani na Bagamoyo, usiende kwa ajili ya duma. Nenda kwa ajili ya simba, tembo na bahari.

Kwa pweza huhitaji gari wala tiketi. Subiri bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, siku ambazo maji hupwa mbali na mwamba hubaki wazi kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi hivi. Nenda Kigombe, Tongoni au Raskazone, na ufuatane na mchokoaji mzoefu. Muamkie, muombe ruhusa, kwa kuwa ule mwamba ni shamba lake. Vaa viatu vya kufunga, kuna miba ya urumbu na samaki wa sumu wanaojifananisha na mawe. Usimtafute pweza, tafuta maganda: rundo la kaa na chaza waliokwisha kuliwa, na vijiwe vilivyopangwa mlangoni mwa tundu. Ukiliona rundo, chuchumaa upande ambao kivuli chako hakiangukii tundu, kaa kimya, usichokoe. Jicho litatokea. Pia tazama maji nyuma yako, bamvua hurudi kwa kasi, na ikifika saa tano kasorobo uwe umeshageukia nchi kavu.